Siku Mzee Nzioka Alipomwaga Mahindi

Siku waliponiaga kazini, kijana mmoja mgeni katika idara yetu ya kilimo aliniuliza swali nikiwa na soda mkononi na keki mdomoni. "Madam Agnes, watu wa Ikutha wanasema wewe ukikaa na mtu kwa kikombe kimoja cha chai, anabadilisha mawazo. Siri yenyewe ni ipi?" Watu wakacheka, nikameza keki, mwenyekiti akaendelea na ratiba yake, na swali likabaki pale pale kwenye hema pamoja na viti vya kukodisha.

Sasa niko nyumbani Makindu. Asubuhi naamka, naangalia kuku, na hakuna mtu hata mmoja duniani ninayetakiwa kumbadilisha mawazo. Hujui jinsi jambo hilo linavyompumzisha mtu mpaka ulipate. Basi nina nafasi ya kumjibu yule kijana, na wenzake. Habari za vyeo sitaandika. Nilivipata vichache, vingine vilinipita vikiwa na haraka zao. Nitaandika nilivyojifunza kusema na watu, na zaidi nitaandika habari za Mzee Nzioka, kwa sababu yote niliyokuwa nimejifunza yalijaribiwa kwake.

Nilipofika Ikutha mara ya kwanza, kaunti zilikuwa bado hazijazaliwa na barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilishuka na sanduku la bati, godoro, na diploma niliyokuwa nimeifunga ndani ya plastiki mbili, kana kwamba mvua ya Kitui ilikuwa inaitafuta. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya mabati, vikitazamana na soko la mifugo. Siku ya soko mbuzi waliingia bila kubisha hodi, na aliyetupigia simu alidhani tumehamia zizini.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Kasyoka, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye kabla ya kusomea kilimo alizunguka masoko ya Ukambani akiuza cherehani. Wiki ile ile alinipeleka kwenye baraza la chifu nikahubiri mtama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza mizizi, nikaeleza mvua, nikaeleza vitamini. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekaa mbele akainua mkono, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Swali!

"Mwanangu," akasema, "sasa ukiwa umemaliza, tuambie chakula cha msaada kinakuja lini."

Bwana Kasyoka alingoja mpaka tulipofika hotelini na chai ikaja.

"Umesema maneno mazuri," akaniambia.

"Asante."

"Shida ni kwamba yote yalikuwa yako. Wao hawakuwa na lao hata moja." Akamimina chai kwenye kisahani, akaipuliza. "Cherehani haiuzwi kwa kuisifu. Mimi nilikuwa nikimuuliza mama, 'Sare za watoto unashonewa na nani?' Halafu nakunywa chai. Yeye mwenyewe ananiambia fundi amechelewa, mtoto amefukuzwa shule, na shati lilipokuja kola ilikuwa upande. Mpaka amalize, amejiuzia cherehani yeye mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua sanduku."

Baraza lililofuata alinikataza kuhutubu. Nilitakiwa kuuliza swali moja tu: mahindi ya mwaka uliopita yalifika wapi? Wakaanza kuonyesha kwa mikono. Mmoja akasema magotini, mwingine akasema kwake hata magoti hayakuyaona. Walizungumza mpaka jua likahama. Ndipo Bwana Kasyoka akanikonyeza niseme habari ya mtama, na kabla sijafungua mdomo akaninong'oneza, "Anza na ndege."

"Ndege?"

"Mtama unaliwa na ndege, wote wanajua. Usiposema wewe watasema wao, na wakisema wao utaonekana ulikuwa umeficha."

Nikaanza na ndege. Nikawaambia watapoteza sehemu, na kwamba watoto watalazimika kukaa shambani wakipiga makopo. Yule mama wa mbele akacheka, akasema angalau huyu hatudanganyi. Msimu ule alipanda mtama. Si mwingi, ila alipanda.

Ndivyo nilivyofundishwa, kidogo kidogo, juu ya pikipiki ya ofisi. Nilijifunza kwamba kila kijiji kina mtu anayeangaliwa na wengine kabla hawajaamua, na mara nyingi si chifu. Mahali pengine ni mwenye kinu cha posho, kwa sababu wote hupitia kwake na yeye hujua nani anakula nini. Nilijifunza kumwomba mtu jambo dogo kwanza, mstari mmoja wa mtama pembeni, si shamba zima. Nilijifunza kutobishana na mwanamume mbele ya bibi yake, wala na mwanamke mbele ya mama mkwe, kwa sababu akishasema "hapana" mbele yao atailinda hapana hiyo kama boma.

Na nilijifunza kuweka jambo mikononi mwa watu. Idara ilitupa mita ya kupima unyevu wa mahindi, kifaa kizuri sana ambacho betri zake hazikupatikana. Bwana Kasyoka alinionyesha ya wanyonge: chupa kavu ya glasi, mahindi ndani yake, na chumvi kavu. Unatikisa, unaacha ikae. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, usiyaweke ghalani. Chumvi ikianguka chini, yamekauka. Mimi nikisema mahindi yako ni mabichi, unaweza kunikatalia. Chupa uliyoitikisa mwenyewe utaikatalia vipi?

Nilimuuliza siku moja kama haya yote si ulaghai. Hakukasirika. Alisema yeye alikuwa na kipimo chake: je, mtu huyu akijua njia uliyomshawishi nayo, kesho mkikutana sokoni atakusalimia? "Kama hatakusalimia," akasema, "ulimlaghai." Baadaye alistaafu, akaenda kwao Kibwezi kufuga nyuki, nami nikabaki na pikipiki na masoko yote.

Kisha ukaja mwaka wa mvua ya Februari.

Februari kwetu ni mwezi wa jua. Watu huvunja mahindi, huyaanika, huyapukuchua, na wingu halionekani. Mwaka ule mvua ilikuja mahindi yakiwa chini, ikakaa. Watu waliyakusanya yakiwa na maji wakayaingiza nyumbani, ndani ya magunia ya plastiki, vyumba vimefungwa. Ukungu ukaingia. Kuna ukungu unaouona, wa kijani au mweusi, huo mtu anautupa. Lakini sumu yake inaweza kubaki kwenye punje ambayo ukiitazama ni nzuri kabisa. Wataalamu huiita aflatoksini. Haina harufu, haina ladha, ukichemsha haitoki. Inakula ini la mtu, na la mtoto inalimaliza haraka zaidi.

Kijiji kilichoumia zaidi katika eneo langu nitakiita Kwa Nthambi. Pale aliyekuwa amevuna vizuri ni mmoja tu, Mzee Nzioka, mjane, mzee wa kanisa, mwenye shamba karibu na mto. Wengine mahindi yao yalikuwa yameishia yale magoti. Yeye aliwagawia. Hakukopesha wala hakuuza, alitoa. Punda wake alionekana akipita boma hadi boma na magunia mgongoni, na mzee nyuma yake na fimbo, na kofia yake ya kanisani.

Kwanza walikufa mbwa. Kisha msichana mdogo aitwaye Kanini akaanza kutapika, tumbo likavimba, na macho yakageuka manjano. Mama yake, Ndanu, ni jirani wa Mzee Nzioka. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori, wakati huo alikuwa barabarani upande wa Mombasa. Zahanati ilimwona mtoto ikamkimbiza hospitali Kitui mjini. Sisi tukachukua mahindi ya kijiji tukayapeleka maabara, na majibu yalikuwa mabaya. Ya Mzee Nzioka ndiyo yalikuwa mabaya zaidi.

Amri ikatoka: mahindi yote ya Kwa Nthambi yakusanywe yazikwe, na serikali italeta mengine mazuri. Chifu akaja na askari na spika juu ya gari. Walitangaza asubuhi nzima. Jibu likawa moja kijiji kizima: hatuna mahindi. Watu ambao juzi walikuwa wamevuna sasa hawakuwa na punje. Yalikuwa chini ya vitanda, ndani ya matangi ya maji, na mengine, kama nilivyokuja kujua, ndani ya kisima cha ubatizo cha kanisa ambacho kilikuwa kimekauka. Siwalaumu. Ukiwa na njaa, na mtu mwenye bunduki akakwambia chakula chako ni sumu mpe, utafanyaje?

Nikajua hakuna gunia litakalotoka mpaka la Mzee Nzioka litoke. Nikaenda kwake.

Mara ya kwanza nilibeba majibu ya maabara. Alinipa kiti, akaniletea chai mwenyewe, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Madam, mimi haya mahindi nimeyala tangu mavuno. Niangalie macho." Akayavuta macho yake kwa vidole, akayaleta karibu na uso wangu. Yalikuwa meupe kuliko yangu. Nilikunywa chai nikaenda.

Mara ya pili nilibeba picha za wagonjwa. Alitazama moja, akaigeuza kifudifudi kwenye stuli. "Umekuja kunitisha ndani ya nyumba yangu," akasema, bila hasira, na akasimama kunifungulia mlango. Chai haikuja.

Nilisimamisha pikipiki njiani nikampigia Bwana Kasyoka kwa nyuki wake. Nikamweleza yote, majibu, picha, macho.

"Umemuuliza nini?" akasema.

"Nimemweleza kwamba hata punje inayoonekana nzuri..."

"Agnes. Sijakuuliza umemweleza nini."

Nyuki walisikika kwenye simu. "Huyo mzee si mjinga," akasema. "Mtu mwenye akili akikataa jambo la wazi, kuna kitu analinda, na si mahindi. Nenda ukajue ni nini. Usibebe karatasi."

Nikarudi siku iliyofuata bila karatasi. Nilimkuta amekaa nje ya jikoni na uteo mapajani, anachambua mahindi. Anaokota punje moja moja, anaigeuza, anaiangalia kwa jua, nyingine anaitupa kando. Mtu anayesema mahindi yake hayana neno hakai asubuhi akiyakagua hivyo. Nilivuta kigoda, nikachukua konzi yangu, nikaanza kuchambua naye. Tulifanya kazi hiyo muda mrefu. Kuku walisogea kwenye zile za kutupwa, naye akawafukuza mara moja, kwa ukali, na tukaangaliana.

"Mzee," nikasema, "haya mahindi uliwapa kina nani?"

Akaanza kuwataja. Mjane wa pale mlimani. Mwalimu wa kwaya. Pasta. Yule kiwete wa karibu na shule. Alisema kila mmoja na hali yake, wangapi nyumbani, nani anaumwa miguu. Kisha mikono yake ikasimama.

"Na Ndanu," akasema.

Nikaendelea kuchambua.

"Alikataa, unajua? Nilipeleka gunia kwake na punda. Akasema, 'Mzee, ni mengi, punguza, mume wangu atatuma kitu.' Mimi nikamwambia mtoto hali ahadi. Nikalishusha mwenyewe, nikaliingiza ndani. Nilimlazimisha, Madam." Alikuwa akitazama uteo. "Wewe unakuja hapa kila siku kuniambia ni sumu. Ukiniambia ni sumu, mimi unaniambia ni nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nikifanya. Kila ushahidi niliomletea ulikuwa mashtaka. Kadiri nilivyothibitisha kuhusu mahindi, ndivyo nilivyomfungia mlango wa kutokea, na bado nilikuwa nashangaa mbona hatoki.

"Siku ile unampelekea, ulijua?" nikamuuliza.

"Ningejuaje?"

"Hata mimi sikujua. Daktari hakujua. Maabara wenyewe walijua baada ya kupima. Ulimpa jirani chakula wakati hana. Hilo halikugeuka kuwa baya kwa sababu mvua ilinyesha Februari."

Safari hii hakusimama kunifungulia mlango.

"Kanini yuko vipi?" akauliza baadaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Bado wodini. Jana niliongea na Ndanu kwa simu. Anasema mtoto amekunywa uji, haukurudi."

"Alinitaja?"

Nilikuwa nimeweka jambo hilo moyoni nikidhani ni la kando tu. "Alikutaja. Aliuliza kama bado unayala hayo mahindi. Akasema nikuambie uache, anaogopa utaugua na huna mtu wa kukuangalia."

Mzee Nzioka aliweka uteo chini. Alivua kofia, akafuta paji la uso nayo, akaivaa tena. Alikaa hivyo, nami sikuongeza neno, na nawaambieni vijana, katika miaka yangu yote ya kazi hakuna wakati niliotamani kuongea kama ule.

"Sasa mnataka nifanye nini?" akasema mwisho.

Nilikuwa na amri ya serikali mfukoni. Nikaiacha mfukoni. "Wewe unaonaje? Watu hawa watamsikiliza nani?"

"Si yule askari wa spika."

"Si yeye."

Akafikiri. "Jumapili," akasema. "Baada ya ibada. Mchimbe shimo nyuma ya kanisa, mimi nitaleta yangu." Kisha akanigeukia, na sasa mwenye kuuliza alikuwa yeye. "Na Jumatatu watakula nini?"

"Serikali imeahidi kuleta mengine."

"Sikuuliza serikali. Nakuuliza wewe."

Nikamwambia yatafika kabla ya wiki hiyo kwisha. Nilikuwa nimeambiwa hivyo, mahindi yako tayari Makindu. Lakini nilihisi maneno hayo yakitoka kwangu na kuwa yangu.

Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko Krismasi, maana habari ilikuwa imetembea. Baada ya baraka ya mwisho Mzee Nzioka alisimama mbele. Hakutaja maabara. Alisema, "Gunia alilokula mtoto wa Ndanu lilitoka kwangu. Ndanu alikataa, nikamlazimisha. Sikujua. Sasa najua, na mimi siwezi kujua halafu niendelee. Chakula nilichowapa nyote, nawaomba mnirudishie." Hivyo tu. Ukiangalia, hakumwambia mtu yeyote kwamba anakula sumu. Aliomba kurudishiwa.

Akatoka nje, akafungua gunia la kwanza, akalimwaga shimoni. Mahindi yalikuwa mazuri kwa macho, meupe, na yalipokuwa yakianguka nilisikia kina mama wakivuta pumzi. Akamwaga la pili, la tatu. Hakuna aliyesogea. Yule mjane wa mlimani akageuka, akaondoka, na nikaona tumepotea. Nilikuwa nikitafuta la kumwambia chifu nilipomwona anarudi njiani, ameinama, kamba ya kiondo kwenye paji la uso, amebeba alichopewa chote.

Basi wakaenda wote. Yalitoka chini ya vitanda, yakatoka kwenye matangi. Pasta alikohoa, akaomba vijana wawili wenye nguvu wamfuate kwenye kisima cha ubatizo. Kufikia jioni shimo lilikuwa limejaa, tukalimwagia chokaa na kulifunika, na watu wakarudi nyumbani wakiwa wepesi kwa kila namna.

Sasa niwaambie jambo ambalo hawafundishi katika semina. Kumshawishi mtu ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kumfanya asijute.

Lori halikuja. Jumatatu halikuja, Jumanne halikuja. Nilipiga simu nikaambiwa limeharibika, kisha nikaambiwa linatafutwa jingine. Kwa Nthambi walikula kunde na majani yake, ndengu za akiba, na mboga za mtoni. Watu walinipigia wakilalamika na hao sikuwaogopa. Niliogopa kwa sababu Mzee Nzioka hakupiga. Alhamisi nilipita kwake, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Hakuuliza lori. Usiku ule sikulala, na alfajiri ya Ijumaa nilikuwa njiani kwenda Makindu.

Kwenye ghala la serikali nilionyeshwa mahindi. Yalikuwa pale, makavu, yamepangwa vizuri mpaka dari. Msimamizi alinionea huruma kweli. "Mahindi ninayo, Madam. Nisichokuwa nacho ni magurudumu." Nilitoka nikazunguka kwenye vituo vya petroli nikiuliza malori. Yaliyokuwa yakienda Mombasa yalikuwa yamejaa, yaliyokuwa yakienda Nairobi yalikuwa na haraka. Mchana njaa ilinishika nikaingia hekalu la Masingasinga, wale Wahindi wa vilemba, ambako msafiri yeyote hupewa chakula, nikakaa na sahani ya chapati na dengu. Mkabala nami alikaa mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini. Jina lake Abdi. Alikuwa ameshusha mbuzi asubuhi, na lori lake limesimama nje, tupu.

Nikajipanga. Nilikumbuka kila nilichojua. Nikamuuliza safari ilikuwaje. Nikamuuliza bei ya mbuzi, hali ya malisho kwao. Nikauliza kama ukame umewasumbua watoto. Nilikuwa nakaribia kuingiza habari ya jirani kumsaidia jirani, aliposimamisha chapati hewani.

"Mama, wewe unataka lori?"

"Ndiyo," nikasema.

"Kubeba nini?"

"Mahindi. Mpaka Ikutha. Kuna kijiji kimezika chakula chake kwa sababu mimi niliwaomba."

"Basi ungesema tangu tulipoketi. Dengu imepoa." Akala. "Tafuta mafuta tu, dereva ninaye."

Mafuta yalitoka ghalani kwa msimamizi yule yule, ambaye alifurahi kuliko mimi. Hilo nalo liandikeni mahali. Nimetumia saa nyingi za maisha yangu nikizunguka watu ambao walikuwa tayari, wangeombwa tu.

Tatizo lilibaki moja, lori lilinuka mbuzi. Nilikataa gunia hata moja lipakiwe mpaka lori lioshwe kwa sabuni na likauke kabisa. Abdi alisimama pale mikono kiunoni, akitazama vijana wakisugua.

"Mahindi yenu yanachagua gari?"

"Yaliyopita hayakuchagua chochote," nikamwambia, "ndiyo maana niko hapa."

Akacheka, akachukua ufagio.

Tulivuka mto Athi asubuhi ya Jumamosi, mimi nikiwa mbele kati ya dereva na Abdi, ambaye alikuja kwa sababu alitaka, alisema, kuona watu wanaozika chakula. Kabla hatujafika kanisani watoto walikuwa wanakimbia kando ya lori. Mzee Nzioka alikuwa amesimama langoni na kofia yake. Nilishuka. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini yeye alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Wiki haijaisha." Nikazunguka nyuma ya lori kufungua mlango.

Tulikuwa katikati ya kupakua wakati basi la Kitui liliposimama barabarani. Nilimwona Ndanu akishuka kwanza, kisha akageuka kumpokea mtoto. Kanini alikuwa amekonda, amevaa sweta la mtu mzima, lakini alishuka kwa miguu yake. Walikuja polepole. Watu walipisha njia. Mzee Nzioka hakwenda kuwapokea. Alibaki pale pale kando ya magunia yaliyokwisha kushushwa, mikono imening'inia, kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza.

Ndanu alifika mbele yake, akamsukuma mtoto kidogo asalimie. Kanini akainamisha kichwa, mzee akakiwekea mkono. Macho ya mtoto yalikuwa meupe. Niliyaona mwenyewe.

"Daktari amesemaje?" Mzee Nzioka akauliza.

"Amesema ini linapona. Turudi tu kwa kliniki."

"Na kula?"

"Anaweza kula."

"Nini?"

"Kila kitu, Mzee."

"Kila kitu?"

"Kila kitu," Ndanu akasema. "Njiani amemaliza ndizi zangu zote."

Mzee Nzioka akageuka, akatafuta kwa mkono kitu nyuma yake, akaketi juu ya gunia. Aliinamisha kofia ikafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kanini akapanda juu ya gunia, akaketi kando yake. Wapakuaji walikuwa wamesimama wakingoja, na lile ndilo gunia lililofuata kuingizwa kanisani. Abdi akawafanyia ishara kwa mkono, nao wakapita pembeni, wakaendelea na mengine.